Mafua ya Watu Wengine

Binti yangu alizaliwa mnene, mwenye sauti kubwa, na miezi ya kwanza hakuna aliyejua kwamba damu yake ilikuwa na kasoro. Tulianza kushuku alipovimba vidole vya mikono na miguu, akawa analia kila nikimvisha soksi. Kliniki walipima damu yake, kisha yangu, kisha ya baba yake. Daktari alitukalisha akatuambia kwamba mimi na mume wangu kila mmoja amebeba nusu ya ugonjwa wa selimundu bila kujua, na mtoto ameurithi mzima. Huku kwetu karibu na ziwa watu huuita sikoseli. Ni vigumu kupata ukoo ambao hauna mtoto wa namna hiyo, au haukuwahi kuwa naye.

Naanza na hayo kwa sababu watu wakinisikia nikisema kwamba mtoto wangu nusura afe kwa mafua, hudhani nimekosea neno. Hudhani nilitaka kusema malaria. Mafua, yale ya kupenga kamasi na kunywa chai ya tangawizi? Ndiyo, hayo hayo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kisumu. Mume wangu ni fundi, hutengeneza matrekta ya kubeba miwa kule Muhoroni, na hurudi nyumbani mwisho wa wiki akinuka grisi na molasi. Mtoto ni huyo mmoja tu. Tulijifunza kuishi naye kama watu wanaobeba sufuria iliyojaa hadi ukingoni. Vidonge kabla ya uji. Chupa ya maji shingoni popote aendapo. Sweta hata kukiwa na jua, na chandarua kilichochomekwa chini ya godoro pande zote. Hakuruhusiwa kuingia ziwani kwa sababu maji baridi humletea maumivu ya mifupa, na hakuruhusiwa kwenda kulala kwa nyanya yake Usenge kwa sababu mbu wa kule hawana huruma. Hilo la Usenge ndilo lililomuuma kuliko yote. Binamu zake wote walikuwa wanakwenda huko likizo, wanarudi weusi kwa jua, wana hadithi za mashua na samaki. Yeye alizisikia tu.

Mwaka ule, akiwa na umri wa miaka minane, muuguzi wa kliniki yetu alinivuta kando baada ya miadi.

"Mwalimu, kuna chanjo ya mafua," aliniambia. "Watoto kama huyu wanaihitaji kuliko wengine. Hapa hatuna. Jaribu madukani mjini."

Nilijaribu. Nilipiga simu, nikatembea, nikaulizia kila nilikoelekezwa. Mahali pengine walinitazama kama mtu anayetafuta theluji. Mwishowe nikafika kwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la dawa karibu na soko, ambaye baba yake na babu yake waliuza dawa papo hapo. Alivua miwani, akanisikiliza hadi mwisho.

"Sasa hivi hakuna," alisema. "Naagiza toka Nairobi. Ikifika napigia wewe simu. Wewe ya kwanza."

Nikamwachia nambari yangu, nikarudi nyumbani kungoja.

Shule zilipofungwa mwezi wa Agosti, mama mkwe wangu aliamua kwamba kama mjukuu hawezi kwenda Usenge, basi Usenge itamfuata mjukuu. Yeye ni mjane, na tangu nimfahamu kazi yake ni kuanika omena, wale dagaa wa ziwani, mchangani na kuwauzia wanunuzi wanaotoka mjini na magari. Ni mwanamke mrefu, mwenye mikono migumu, na sijawahi kumwona akikaa kitako bila kitu cha kufanya. Alishuka kwenye tuktuk pale langoni akiwa na gunia la omena, kuku aliyefungwa miguu, na mkungu wa ndizi. Binti yangu alitoka mbio bila viatu.

"Dani! Dani!" aliita. Ndivyo watoto wa kwetu wanavyomwita nyanya.

Mama mkwe aliangusha mzigo wote akamdaka, akamnyanyua juu. Walicheka wote wawili. Kisha mama akageuza uso pembeni akakohoa, kikohozi kizito cha kutoka chini kifuani.

"Pole na safari, Mama," nilimsalimu. "Naona una kikohozi."

"Hii ni vumbi ya omena tu, nyara," alijibu. Huniita hivyo, binti yangu, tangu siku niliyoolewa. "Homa ilikuja kwa beach ikashika kila mtu. Sasa imeisha."

Nimewahi kuulizwa na mwenzangu mmoja shuleni kwa nini sikumrudisha. Huyo hajawahi kuwa na mama mkwe. Mwanamke amepanda magari mawili na tuktuk akiwa na kuku mapajani, amekuja kumwona mtoto wa mwanawe, wewe umwambie simama hapo, usimguse? Nilifanya nilichoweza. Nilimtandikia kitanda sebuleni, nikafungua madirisha yote, nikampa barakoa nikamweleza kwa upole kwamba mtoto ana kifua chepesi. Aliivaa bila kinyongo. Lakini huwezi kula ugali ukiwa na barakoa, wala kusimulia hadithi, na asubuhi nilipoamka nilikuta kitanda cha mtoto kitupu. Alikuwa amejipenyeza sebuleni, amelala kifuani kwa Dani wake, mkono wa nyanya yake umemkumbatia mgongoni. Nilisimama mlangoni nikiwatazama. Nilijua ninachokiona, na sikuwa na namna ya kukitengua.

Siku chache baadaye alianza kupiga chafya. Kisha akaanza kutoka kamasi nyepesi, akasema koo linamwasha. Watoto wa majirani nao walikuwa na kamasi, wakipiga mpira uani kama kawaida. Mama mkwe alimsugua kifua kwa mafuta ya moto.

"Watoto wa kwetu wote walipata hii homa," alinituliza. "Leo wako ndani ya ziwa wanaogelea."

Alikuwa anasema kweli. Hilo ndilo jambo ambalo mpaka leo sijaweza kulizoea. Ugonjwa ulikuwa ule ule, umetoka kwa wale wale, na kwao ulipita.

Asubuhi iliyofuata alikataa uji. Nilimgusa shingoni, alikuwa moto kama jiwe la jikoni. Alikuwa anapumua kwa haraka, mabega yakipanda na kushuka, na aliponiambia "Mama, hapa panauma" alishika ubavu, si koo. Kliniki walikuwa wametufundisha zamani kwamba joto likipanda kwa mtoto wa sikoseli hakuna kungoja. Nilimpigia mume wangu simu, ikawa haipatikani, nikaacha ujumbe, nikaita tuktuk. Mama mkwe alipanda nasi bila kuulizwa. Tulipofika hospitalini mtoto hakuweza kukanyaga chini kwa maumivu ya miguu, kwa hiyo nyanya yake akamfunga mgongoni kwa leso, mtoto wa miaka minane, akavuka naye ule uwanja wa magari hadi mlangoni huku akikohoa.

Daktari wa watoto alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Alimbana kifaa kidogo kidoleni, akatazama namba ya hewa iliyo kwenye damu, akaagiza oksijeni kabla hata hajaniuliza jina la mtoto. Walimwingiza kijiti chenye pamba puani, wakamtoa damu, wakampeleka eksrei. Niliiona ile picha ikiwa imeinuliwa dirishani. Upande mmoja wa mapafu ulikuwa na wingu jeupe.

"Ni virusi vya mafua, Mama," alinieleza. "Kwa mtoto mwingine vingeishia puani na kooni. Kwake vimeshuka mapafuni. Hewa ikipungua mapafuni, seli zake za damu zinajikunja na kushikamana, zinaziba mishipa, na zikiziba hewa inazidi kupungua. Moja linaleta lingine."

"Linakoma lini?"

Aliishusha ile picha dirishani. "Tunajaribu kulikomesha," alisema.

Nilimgeukia mama mkwe nimfafanulie, lakini niliona usoni mwake kwamba ameelewa. Neno lililomfikia lilikuwa mafua. Alivuta ile barakoa akaibana vizuri puani, akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, hadi mgongo wake ukagusa ukuta.

Kesho yake picha nyingine ilionyesha wingu pande zote mbili. Walikuwa wanampa dawa ya virusi, na za bakteria, na dripu, na oksijeni kwa mirija miwili puani, na bado ile namba ya kwenye kifaa ilikuwa inateremka kila alipolala. Nilijifunza kuitazama namba badala ya kumtazama mtoto. Ikipanda kidogo, nami napumua. Ikishuka, namwamsha kwa kumpapasa nyayo, na yeye ananitazama kwa macho ya manjano, amechoka, hana hata nguvu ya kukasirika.

"Mama, niache," alininong'oneza mara moja. "Kupumua kunachosha."

Mimi ni mwalimu. Kazi yangu ni kumwambia mtoto jaribu tena. Nilimpapasa nyayo tena.

Daktari alisema anahitaji chumba cha uangalizi wa karibu, chenye mashine inayosukuma hewa. Vitanda vya humo vyote vilikuwa na watoto. Aliuliza hospitali nyingine mjini, kote kumejaa, maana mafua yalikuwa yamesambaa.

"Kitanda kikipatikana tu, yeye ndiye anafuata," aliniahidi.

Nilishukuru. Kisha nikakaa kwenye kile kiti cha plastiki nikafikiria maana ya kitanda kupatikana. Ningeomba nini? Kuna mama mwingine nyuma ya ule mlango, amekaa kwenye kiti kama changu. Nikiomba mtoto wake apone haraka, sawa. Lakini vitanda haviachwi kwa njia moja tu. Nilijaribu kusali, nikakuta kila sala ina mtoto wa mtu ndani yake, nikaacha.

Mume wangu alifika mchana, bado ana ovaroli; ujumbe wangu ulikuwa umempata asubuhi hiyo. Trela la miwa lilikuwa limeanguka barabarani, wakakaa juani muda mrefu magari yakishindwa kupita, na yeye fundi wa hayo hayo matrekta akaishia kushuka kusaidia kulivuta ili aweze kumfikia mwanawe. Alimtazama mtoto, akatoka nje kwenye korido, akasimama akiukabili ukuta. Daktari alipokuja kusema kwamba damu yake imeshuka sana na lazima aongezwe, mume wangu alikunja mkono wa ovaroli hadi begani papo hapo.

"Chukueni yangu. Chukueni yote mnayotaka."

Kijana wa maabara alimwangalia kwa huruma. "Baba, yako ina kile kile kitu. Na ya mama pia. Mtoto wa sikoseli tunamtafutia damu isiyo nacho kabisa."

Mume wangu alibaki amenyoosha mkono. Ni mtu anayeweza kufungua injini nzima na kuirudisha. Alishusha mkono wa ovaroli polepole, akaufunga kifungo.

Mama mkwe alisimama kutoka kwenye benchi la mwisho wa korido, mahali alipokuwa amejitenga. Akasema kwa Kiluo kwamba wamchukue yeye, yeye ni mzee, damu yake haina kazi nyingine. Kijana alimweleza kwamba mtu anayekohoa hatolewi damu, tena umri wake umepita. Alirudi kukaa. Hatukuwa na mtu wa kumlaumu sisi watatu, wala hatukuwa na kitu cha kutoa. Niliwapigia simu walimu wenzangu. Walikuja sita, na wa kwanza kulala kwenye kile kitanda cha kutolea damu alikuwa mwalimu wa hesabu, ambaye mimi na yeye tulikuwa hatusalimiani muhula mzima kwa sababu ya ugomvi wa ratiba. Damu yake ilifaa. Aliondoka kabla sijapata cha kumwambia.

Wakati ule mfuko wa damu unaning'inia juu ya mtoto, simu yangu ililia. Nilidhani ni jamaa. Ilikuwa sauti ya yule mzee wa duka la dawa, imechangamka.

"Mwalimu! Ile chanjo yako imefika asubuhi hii. Nimeweka kwa friji, nimeandika jina. Leta mtoto."

Nilitazama ile mirija.

"Haloo? Mwalimu?"

"Yuko hospitalini, Mzee," nilisema. "Ameshapata mafua."

Nilisikia kelele za soko nyuma yake, mtu akiuza vitunguu. Kisha akasema, polepole, "Pole, mama. Pole sana. Mimi nilipiga simu Nairobi kila siku." Nilimwambia najua. Hakutaka kukata simu, nami sikuwa na nguvu ya kuikata, tukakaa hivyo, wote wawili tukiwa tumeshika simu.

Kitanda kilipatikana alasiri ile. Walikuja wauguzi wawili wakasukuma kitanda chake na mtungi wa oksijeni mbio kwenye korido. Sikumwuliza mtu kilivyopatikana. Shuka zilikuwa safi, zimetandikwa upya. Walimfunika pua na mdomo kwa kile kifuniko cha mashine, akapigana nacho, mikono yake ikabidi ishikwe, na mimi nikawa mmoja wa walioishika. Kisha akatulia. Kifua kilianza kupanda na kushuka kwa mwendo ambao haukuwa wake.

Sitasimulia kila siku ya humo ndani. Zilifanana. Dirisha lilitazama miti ya jakaranda na kipande cha ziwa, na wapo waliokuwa wakisema nina bahati kuwa na mandhari. Mume wangu alikaa nje, akinunua maji ambayo hakuna aliyeyanywa. Mama mkwe hakuingia hata mara moja. Kila asubuhi alikuja hadi kwenye mlango wa vioo, barakoa mbili usoni, akanyoosha kidole gumba juu na kunitazama, akingoja. Nami nilinyanyua mabega.

Halafu asubuhi moja mtoto aliomba soda. Alisema kwa sauti iliyokwaruza, chini ya kile kifuniko, nami nikadhani nimesikia vibaya.

"Ya rangi gani?" nilimuuliza.

"Ya machungwa."

Daktari alicheka alipoambiwa. Namba ilikuwa imekaa mahali pake tangu alfajiri. Hakuna aliyenieleza ni dawa ipi iliyofanya kazi, au kama ni damu ya mwalimu wa hesabu, au ni mwili wake wenyewe. Nadhani hawakujua pia. Nilitazama mlango wa vioo nimwonyeshe mama mkwe kidole gumba. Hakuwepo. Mume wangu aliniambia baadaye kwamba alikuwa ameondoka kurudi Usenge asubuhi ile, hakuaga mtu, ameacha tu ile leso aliyombebea mtoto ikiwa imefuliwa na kukunjwa.

Binti yangu alirudi nyumbani amekonda, shingo kama ya ndege. Mapafu yake hayajawa yale ya zamani. Akipanda ngazi za shule husimama katikati, anajifanya anafunga kamba za viatu ili wenzake wasijue. Yule mzee wa duka la dawa alimchoma chanjo ile daktari alipotoa ruhusa, na sasa hunipigia simu kila mwaka hata kabla sijakumbuka. Daktari alinieleza wazi kwamba chanjo hupunguza hatari, haiiondoi. Nami hufundisha darasa lenye watoto wengi kuliko madawati. Msimu wa mvua mmoja akipiga chafya, mkono wangu husimama ubaoni. Nikifika nyumbani navua nguo mlangoni, nanawa hadi kwenye viwiko, ndipo namsalimu. Nafanya hayo yote nikijua kwamba naye ana darasa lake, na kanisa lake, na marafiki wa kukumbatiana nao. Siwezi kuwaziba watu wote wa Kisumu midomo.

Mama mkwe alikaa miezi mingi bila kuja. Alituma samaki kwa watu wanaokuja mjini, alipiga simu kuuliza hali, akikata mara akishajibiwa. Mume wangu alimfuata hadi Usenge. Alimkuta mchangani akigeuza omena, akamwambia daktari amesema hakuna mtu wa kulaumiwa, kwamba mtoto angeweza kuyapata mafua shuleni, sokoni, popote.

"Daktari hakuwa pale," mama alimjibu bila kuinua kichwa. "Mtoto alilala kifuani kwangu mimi."

Alikuja mwishowe, Aprili iliyofuata, bila kikohozi, bila kamasi, akiwa mzima kabisa. Nilimfungulia lango nikamkaribisha ndani. Alikataa. Aliketi kwenye ngazi ya baraza, barakoa usoni, gunia miguuni. Binti yangu alikimbia kutoka chumbani, nyanya yake akanyoosha kiganja kumzuia.

"Kaa hapo ndani, nyakwara, mjukuu wangu. Kaa kwa dirisha, tuongee."

"Lakini huumwi, Dani."

"Mtu hajui. Hata siku ile nilisema siumwi."

Mtoto alinitazama mimi, kana kwamba mwalimu lazima awe na jibu. Ningeweza kusema ingia, Mama, mkumbatie. Ningeweza pia kusema umefanya vizuri. Mwishowe nilivuta kiti nikakiweka dirishani upande wa ndani, binti yangu akapanda akapiga magoti juu yake, uso umegandamizwa kwenye wavu wa mbu. Mama mkwe alisogea kidogo upande ule. Akaanza kumsimulia habari za paka aliyeiba samaki kwenye mashua na kuzaa humo humo.

Nilikwenda jikoni kuchemsha chai. Nilimpelekea kikombe nje, nikakiweka kwenye ngazi, akasubiri niondoke ndipo avute barakoa anywe.